Kutoka Msumari wa Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama unapiga pasi saa hizi, endelea tu, maana leo tunamkumbuka mpiga pasi. Alipiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Na kila Jumamosi mchana, akishaiweka pasi chini, alishika raketi. Alikuwa mchezaji wa mpira wa vinyoya. Hakuwahi kupata kombe. Hakuwahi kupata medali. Hakuwahi kununuliwa hata soda ya ushindi. Alicheza kwa raha zake, na alicheza kwa kufa na kupona.

Kazini walimwita Bi Mstari, na jina hilo lilimganda hata mumewe akalizoea. Alikunja mashuka ukingo kwa ukingo, pembe kwa pembe. Ukimletea shuka ulilolikunja upande, hakusemi. Analifumua mbele ya macho yako, analikunja upya, anakurudishia. Wenzake wanasema afadhali angewatukana.

Nisiwafiche, wasikilizaji wapendwa. Mimi nilikuwa nawacheka watu wazima wanaokimbizana na kinyoya. Binti yake, ambaye ni fundi umeme, alipokuja hapa kituoni kuniomba kipindi hiki, nilimwambia, "Dada, pole sana kwa msiba. Lakini nusu saa nzima juu ya mchezo wa Jumamosi?" Akaniangalia. Akasema, "Nisikilize kwanza, halafu useme hapana." Nikamsikiliza. Leo niko hapa mbele yenu nafuta kauli.

Tuanze na ukumbi. Nyuma ya idara ya kufulia ya ile hospitali kuna chumba kirefu chenye paa la juu sana. Zamani kilikuwa cha kuanikia. Kamba zilipita kutoka ukuta huu hadi ule, na mashuka yalining'inia humo siku za mvua. Zilipokuja mashine za kukaushia, kamba zikatolewa, chumba kikabaki tupu. Watu wakatupia humo vitanda vibovu. Bi Mstari akakitazama akaona kitu kimoja, kwamba hakina upepo. Na mpira wa vinyoya hautaki upepo. Kinyoya kikipata upepo kinakwenda kinakotaka chenyewe.

Akamfuata msimamizi wa kufulia kuomba ufunguo. Akakataliwa. Akarudi wiki iliyofuata, akakataliwa tena. Mara ya tatu akamwambia, "Bosi, njoo tucheze wewe na mimi. Ukinifunga sitakusumbua tena maisha." Bosi akacheka, maana alikuwa mwanamume mrefu na alijiona bado kijana. Akafungwa ishirini na moja kwa nne. Ufunguo ukatoka siku hiyohiyo.

Wavu aliushona mwenyewe kwa vipande vya mashuka chakavu. Mistari ya uwanja aliibandika kwa plasta nyeupe za hospitali zilizokwisha muda wake. Alipiga magoti sakafuni Jumamosi mbili nzima, na kamba, na futi, na mumewe akishika upande wa pili. Mumewe ni mpishi wa shule, sasa amestaafu. Ananiambia, "Nilimwambia mstari umenyooka, mama, inuka twende nyumbani. Akaubandua wote kwa sababu ulikuwa umepinda upana wa ukucha." Basi mjue tangu mapema mnazungumziwa mtu wa namna gani.

Sasa nieleweni vizuri hapa, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinategemea taratibu za ukumbi ule. Ukutani kuna ubao. Ubaoni kuna misumari kumi na minne, imepangwa kutoka juu hadi chini. Kila mwanachama ana kibao chake kidogo cha mbao, na kibao kinaning'inia kwenye msumari. Msumari wa kwanza uko juu kabisa. Wa kumi na nne uko chini kabisa.

Unaweza kumdai mechi mtu aliyekuzidi misumari miwili, si zaidi. Hawezi kukukatalia. Mechi ni seti moja, pointi ishirini na moja, na mkifungana mnaendelea mpaka mmoja azidi kwa mbili. Ukishinda unachukua msumari wake, naye anasogea chini. Ukiondoa kibao chako ubaoni, kwa sababu yoyote ile, umejitoa. Ukitaka kurudi unaanzia msumari wa kumi na nne, hata kama jana ulikuwa wa kwanza.

Na la mwisho, ambalo naomba mlishike. Hakuna mwamuzi. Kinyoya kikiangukia upande wako, wewe ndiye unayetamka. Ndani, au nje. Ukishatamka, imekwisha. Hakuna kubisha, hakuna kununa, hakuna kumwita shahidi. Utaratibu huo aliuandika Bi Mstari kwa mkono wake ukutani, baada ya mfamasia na mshona viatu kugombania kinyoya kimoja mwaka wa kwanza wakakaa mwezi mzima hawasalimiani. Watu wenye wajukuu.

Msumari wa kwanza ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa Fundi Miwani. Huyu ana duka lake karibu na lango la hospitali. Anapima macho, anachonga vioo, anakaza skrubu za miwani za watu bure. Ana mikono mirefu na maneno machache. Msumari wa pili ulikuwa wa Bi Mstari. Alikaa kwenye huo msumari wa pili miaka kumi na mmoja. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji. Katika miaka hiyo alimdai Fundi Miwani mechi thelathini na moja. Zote thelathini na moja akafungwa.

Mumewe anasema, "Nilikuwa najua matokeo kwa namna anavyovua viatu. Siku moja nikamwambia, mke wangu, si mnacheza kwa raha tu? Akaniambia, raha gani utaipata ukicheza ovyo? Raha yenyewe ndiyo hiyo, mtu anataka kukufunga na wewe hutaki." Hicho ndicho alichokitaka maisha yake. Kumfunga Fundi Miwani mara moja, kweli kweli, na kutundika kibao chake juu kabisa.

Mwaka juzi akaanza kuumwa tumbo. Vipimo vikasema saratani. Wiki moja ya matibabu, wiki mbili za kupumzika, halafu tena. Alipungua mpaka kitambaa cha kichwani kikawa kinamteleza. Daktari alimruhusu kucheza kwa kadiri ya pumzi yake, ila akisikia kizunguzungu akae chini. Akaweka kiti pembeni mwa uwanja. Jumamosi alizoweza, alikuja.

Hapa ndipo binti alipofanya kosa lake. Ananisimulia mwenyewe. "Nilikwenda dukani kwa Mjomba Fundi. Tunamwita mjomba, ametujua tangu tukiwa wadogo. Nikamwambia, mjomba, mama amekudai mechi ya thelathini na mbili. Mwachie. Mara moja tu. Wewe utapungukiwa nini? Akaniambia, hapana, mama yako atajua. Nikalia. Dada mtangazaji, nililia mle dukani mpaka wateja wakatoka. Akasema, haya, nenda, nimesikia."

Mechi ya thelathini na mbili ikachezwa. Ukumbi ulijaa. Walifika kumi na tisa kwa kumi na tisa. Bi Mstari akapiga kinyoya kirefu, kikavuka kichwa cha Fundi Miwani, kikaangukia nyuma. Fundi Miwani akageuka, akatazama, akatamka, "Ndani." Ishirini kwa kumi na tisa. Akapiga kingine, kirefu vilevile. Fundi Miwani akatamka tena, "Ndani." Mechi imekwisha. Watu wakapiga makofi, wengine machozi yanawatoka. Mwoka mikate, aliyekuwa msumari wa tano, alimbeba Bi Mstari juujuu mpaka kwenye ubao. Akatundika kibao chake msumari wa kwanza. Hakusema chochote. Waliokuwepo walidhani ni furaha imemzidi.

Haikuwa furaha. Nyumbani alikaa siku tatu bila kuongea. Siku ya nne, Jumatano, akavaa viatu, akaenda dukani kwa Fundi Miwani. Yaliyotokea mle ndani nimeyasikia kwa Fundi mwenyewe, na nilimwomba ayarudie mara mbili ili nisiongeze wala kupunguza.

Aliingia, akaketi kwenye kile kiti cha kupimia macho. Akasema, "Nipime."

Fundi akamwambia, "Una shida gani ya macho?"

"Wewe nipime."

Akampima. Akasoma herufi zote, kuanzia zile kubwa mpaka zile za mstari wa chini ambazo mimi na wewe tungezikisia tu. Akainuka kitini. Akasema, "Sasa keti wewe."

Fundi Miwani akaketi kwenye kiti chake mwenyewe. Bi Mstari akachukua kijiti, akamwonyesha herufi moja moja. Fundi akazisoma zote.

"Kwa hiyo sote wawili tunaona," akasema Bi Mstari. "Kile kinyoya cha mwisho kiliangukia wapi?"

 Akajibu, "Nje."

"Kwa kiasi gani?"

"Kiganja."

"Na kile cha kabla yake?"

"Kiganja na nusu."

Bi Mstari akarudisha kijiti mahali pake. Fundi akaanza kuomba radhi, kwamba ni mapenzi tu, kwamba binti amelia, kwamba hakuwa na nia mbaya. Akamwambia, "Najua huna nia mbaya. Ungekuwa na nia mbaya ningekusamehe upesi zaidi. Miaka kumi na mmoja umenifunga, na kila ukinifunga nilikuwa natoka pale najua mimi ni mchezaji. Sasa umeniita ndani mara mbili, na sijui tena mimi ni nani mle ukumbini. Mchezaji, au mgonjwa aliyekuja kutazamwa hali."

Fundi akamwambia, "Basi nitasema mbele ya watu nilikosea."

"Utasemaje? Ukishatamka, imekwisha. Nimeandika mwenyewe ukutani."

"Basi nikudai mechi Jumamosi hii, tucheze upya."

"Ukinifunga, watu watasema umemwonea mgonjwa. Nikikufunga, sitajua nimekufunga au umejifunga wewe mwenyewe kwa niaba yangu. Hapana. Nitakuja kwako, lakini nitakuja kwa njia ninayoijua mimi. Na nikifika, ukitamka uongo tena, hata mazishini kwangu usije."

Akatoka. Wasikilizaji wapendwa, mimi hapo niliomba maji nikanywa.

Jumamosi iliyofuata Bi Mstari alifika ukumbini wa kwanza. Wenzake wakaingia wakamkuta amesimama mbele ya ubao. Akakitoa kibao chake msumari wa kwanza. Akakishika mkononi. Akakitundika msumari wa kumi na nne. Wa kumi na nne, chini kabisa, mahali pa wageni. Wengine wote wakapanda msumari mmoja, na Fundi Miwani akarudi wa kwanza. Hiyo ndiyo njia pekee ambayo taratibu zilimpa ya kuurudisha ushindi ule. Hakuweza kubisha alichotamka Fundi. Aliweza tu kujitoa na kuanza upya.

Mwoka mikate akamwambia, "Dada, umeanza wazimu?" Akamjibu, "Nimeanza kupanda. Wewe ngoja zamu yako." Halafu akawageukia wote. "Atakayenihurumia nitamjua. Nimebandika hiyo mistari mimi."

Nyumbani binti yake akaungama. Akamweleza mama yake yote, habari ya kwenda dukani, habari ya kulia. Mama yake alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Nimeshajua, mwanangu. Fundi hana akili ya kubuni jambo kama lile peke yake." Akaendelea kumenya. Baadaye akamwambia, "Ulitaka kunipa kitu kizuri. Sasa nipe ninachokitaka. Taa ya kona ya kushoto ukumbini inafifia, na kila nikiangalia juu kinyoya kinapotea. Nenda kaitengeneze." Binti akaenda akabadilisha taa zote sita.

Hesabu mnaiona. Kutoka kumi na nne unamdai wa kumi na mbili. Halafu wa kumi, wa nane, wa sita, wa nne, wa pili. Ndipo umfikie wa kwanza. Mechi sita za ushindi ili uruhusiwe kucheza ya saba. Kwa mtu mzima wa afya ni kazi. Yeye alikuwa na Jumamosi mbili za nguvu, halafu moja ya kulala na ndoo pembeni mwa kitanda.

Msumari wa kumi na mbili ulikuwa wa mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja mnene wa watu mwenye magoti mabovu. Mwalimu alianza kwa kupiga vinyoya laini vya kumlisha. Walipofika pointi ya sita Bi Mstari akasimamisha mchezo. Akamwuliza, "Mwalimu, ulikuwa unasahihisha mitihani ya watoto hivi?" Mwalimu anakiri kwangu kwamba aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akakaza. Tena akakaza kisawasawa. Akamfunga Bi Mstari ishirini na moja kwa kumi na sita.

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, mmesikia sawasawa. Mechi ya kwanza kabisa ya kupanda, akafungwa, na mtu ambaye alikuwa hajawahi hata kufikisha pointi kumi mbele yake. Binti anasema alikwenda kumchukua akiwa na hofu. "Nikamkuta amekaa kwenye kiti chake anacheka. Akaniambia, nimefungwa vizuri sana leo. Sijafungwa vizuri hivi tangu nianze kuumwa."

Akabaki kumi na nne. Wiki ya matibabu ikapita. Akamdai Mwalimu tena. Safari hii akashinda.

Ila alikuwa ameshajua kwamba mchezo wake wa zamani umekufa. Zamani alikimbia kila kona. Sasa miguu haikumtii. Basi akaacha kukimbia, akaanza kuwakimbiza wengine. Alikuwa na kifundo cha mkono kilicholelewa na pasi ya kilo tano. Alisimama katikati, akakidondosha kinyoya hatua moja kutoka kwenye wavu, halafu kinachofuata akakipeleka nyuma kabisa, kona. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Baada ya kila pointi alikaa kitini akavuta pumzi, akasimama tena. Hakuomba pointi ya bure. Hakuomba seti fupi. Kitu pekee alichoomba ni kile kiti.

Mfamasia akafungwa. Msumari wa nane ukaanguka. Kwenye msumari wa sita alipoteza mara mbili, kwa mshona viatu, ambaye hana huruma hata na mama yake mzazi, na Bi Mstari alimpenda kwa hilo. Mara ya tatu akamfunga. Mwezi wa saba akamfikia mwoka mikate kwenye msumari wa nne. Mwoka mikate ana mabega ya kubeba magunia ya unga, na akipiga kinyoya kwenda chini unasikia kama mlango umebamizwa. Ananiambia, "Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Kila nikipiga, kinarudi taratibu, kinalala karibu na wavu. Nikikifuata, cha pili kiko nyuma yangu. Nilikwenda kukanda unga kesho yake mgongo hauinami. Na yeye alikuwa na kilo arobaini na tatu, nilimwuliza."

Mwezi wa tisa akachukua msumari wa pili. Wa pili, mahali alipokaa miaka kumi na mmoja. Akaandika dai lake kwenye kipande cha karatasi, akampelekea Fundi Miwani dukani. Mechi ya thelathini na tatu.

Fundi anasema hakulala vizuri wiki hiyo nzima. Mke wake alimwambia, cheza vibaya kidogo tu, nani atajua? Akamjibu, "Atajua." Alifanya mazoezi jioni tatu na mwoka mikate, kwa sababu alishaona mechi za Bi Mstari na alijua kwamba anaweza kufungwa. Nataka mlisikie hilo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, Fundi Miwani aliogopa kufungwa kweli.

Jumamosi ikafika. Mumewe alikaa pembeni, amefumbata mikono. Binti alisimama karibu na kile kiti. Fundi alianza kwa kasi, kumi kwa tano. Bi Mstari akaketi, akavuta pumzi, akarudi, akaanza kumdondoshea. Kumi kwa tisa. Kumi na tano kwa kumi na tano. Mwalimu anasema ukumbi ulikuwa kimya mpaka unasikia mashine za kufulia upande wa pili wa ukuta. Ishirini kwa ishirini. Bi Mstari akapata moja. Ishirini na moja kwa ishirini.

Anatakiwa pointi moja tu. Moja, ili amfunge Fundi Miwani.

Wakapigiana muda mrefu. Mwoka mikate alihesabu mapigo ishirini na mawili. Halafu Fundi akaja karibu na wavu, na Bi Mstari akaona nafasi. Akakipiga juu, kirefu, kuelekea kona ya nyuma ya kulia. Fundi akarudi nyuma mbio, akanyoosha mkono wake mrefu wote, hakukifikia. Kinyoya kikatua.

 Kimetua upande wa Fundi Miwani. Ni yeye wa kutamka. Akainama. Akapiga goti moja. Akatazama ile plasta, akatazama kinyoya. Katikati yao palikuwa na upana wa kidole. Kidole kimoja, na ni yeye peke yake aliyekuwa karibu ya kutosha kukiona. Angesema ndani, hakuna binadamu mle ndani angemkatalia. Mumewe Bi Mstari alikuwa anatazama sakafu. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Fundi Miwani akainuka. Akamtazama Bi Mstari usoni. Akatamka, "Nje."

Na Bi Mstari, kutoka upande wa pili wa wavu alioushona mwenyewe, akasema, "Asante."

Ishirini na moja kwa ishirini na moja. Pumzi ilikuwa imemwishia. Fundi akachukua pointi mbili zilizofuata, na akazichukua bila kumpunguzia. Ishirini na tatu kwa ishirini na moja. Mechi ya thelathini na tatu, amefungwa tena. Walikutana kwenye wavu kupeana mikono, na Fundi ndiye aliyekuwa analia. Bi Mstari alimpigapiga begani akamwambia, "Wiki mbili, halafu nakudai tena. Jiandae."

Njiani kurudi nyumbani alimshika binti yake mkono. Binti ananiambia alikuwa anajiuliza atamfariji vipi mama yake. Mama yake akamtangulia. "Umemwona? Amesema nje. Mbele za watu wote, amesema nje." Alilirudia mpaka mlangoni. Usiku huo alikula sahani nzima ya chakula, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu mwezi wa nne.

Zile wiki mbili hazikumkuta uwanjani. Alizidiwa, akalazwa, na baada ya siku arobaini akafariki, asubuhi, kwenye hospitali ileile. Shuka alilolalia lilikuwa limepigwa pasi na wenzake wa chumba cha kufulia, na walilikunja mara nne kabla ya kuridhika kulipeleka wodini. Aliondoka akiwa msumari wa pili.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mumewe, mpishi wetu mstaafu. Tunatoa pole kwa binti yake, ambaye amejilaumu vya kutosha na namwomba sasa aache. Tunatoa pole kwa wachezaji wa ukumbi wa kuanikia, na kwa wafanyakazi wote wa kufulia. Mungu amweke mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza. Huenda una mgonjwa nyumbani, au mzee wako, au ndugu aliyeanguka na anajaribu kuinuka. Unampenda, kwa hiyo unamwachia. Unamshangilia hata pasipo na cha kushangilia. Leo mwulize kwanza kama hicho ndicho anachokitaka. Mimi nina mama yangu mwenye miaka sabini na sita, tunacheza karata, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikimwachia. Nimeandaa kipindi hiki nikiwa naona haya.

Neno la mwisho ni la mtu mmoja. Fundi Miwani, najua unasikiliza, redio yako ya dukani haizimwi. Tulipomaliza mahojiano uliniambia watu bado wanakusimamisha njiani. Wanakuuliza, kidole kimoja tu, kwa nini hukumpa? Ukaniambia unawajibu hivi, "Nilishampa mara moja. Akanirudishia." Halafu, nilipokwisha kuzima kinasa sauti, ukaniuliza mimi kama ningekuwa wewe ningesema ndani. Siku ile nilikosa jibu. Nimelipata. Ndiyo, Fundi, mimi ningesema ndani, na mama yule angekufa hajui yeye ni nani. Wewe ulimwambia. Pole sana, na asante kwa niaba yake.